Mgomo mnausingizia bure: Prison Break iliharibikia wapi?

*Shikamoo mwalimu. Nina kibanda cha kunyoa Mwanjelwa hapa Mbeya, na ukutani nimefunga runinga. Mwezi huu nimekuwa nikiwawekea wateja Prison Break, ile tamthilia ya Marekani ya kutoroka gerezani, kuanzia mwanzo. Msimu wa kwanza mtu ananyolewa, analipa, haondoki. Wa pili hivyo hivyo. Kufika wa tatu ubishi ukaanza, na wa nne nimeuweka siku mbili tu wakaniambia nitoe. Sasa wamegawanyika. Wapo wanaosema ni ule mgomo wa waandishi wa Marekani ulioiua. Wapo wanaosema watunzi waliishiwa. Kuna mzee mmoja anashikilia kwamba ilitakiwa iishie siku walipotoka gerezani, basi. Nani mkweli? Na nikipata mteja ambaye hajaiona kabisa, nimwachie wapi?*

Marahaba kijana wangu. Huyo mzee mpe kiti cha karibu na runinga, maana ndiye aliyeukaribia ukweli, ingawa naye simpi maksi zote. Lakini nianze na watu wa mgomo. Hoja yao ndiyo inayosikika kila mahali, na ndiyo rahisi kuipima kwa sababu ina tarehe.

Waandishi wa filamu na tamthilia wa Marekani waligoma tarehe 5 Novemba 2007, wakarudi kazini tarehe 12 Februari 2008. Walikuwa wanadai fungu lao kwenye kazi zinazouzwa kwa DVD na zinazoonyeshwa kwenye intaneti. Prison Break ilikuwa katikati ya msimu wa tatu. Ndiyo sababu msimu ule una episodi 13 wakati wa kwanza na wa pili una 22 kila mmoja. Mpaka hapo wateja wako wako sawa: mgomo uliukata msimu mkia.

Sasa waulize wanalalamikia nini hasa. Watakuambia Michael, yule aliyejipeleka jela kumtoa kaka yake, kafungwa tena, safari hii Panama. Hilo liliamuliwa msimu wa pili ulipofungwa, Aprili 2007, miezi saba kabla ya mgomo. Watakuambia kichwa cha Sara, daktari wa gereza, kwenye boksi. Hiyo ni episodi ya nne, na ilirushwa Oktoba, kabla mwandishi yeyote hajaweka kalamu chini. Na msimu wa nne, huo waliokuambia uutoe? Uliandikwa mgomo umekwisha, watu wamerudi mezani, na ukapewa episodi zake zote bila kupunguziwa hata moja. Kwa hiyo mgomo mnausingizia bure. Uliufupisha msimu wa tatu, haukuuharibu.

Prison Break ilianza kuonyeshwa na kituo cha Fox tarehe 29 Agosti 2005. Mtunzi wake, Paul Scheuring, alipewa mbegu moja tu na mtayarishaji Dawn Parouse: mtu anajipeleka jela makusudi ili amtoe mwenzake. Ni wazo tamu, lakini mwisho wake uko wazi tangu siku ya kwanza, na mwisho wenyewe ni ukuta. Siku jamaa akiuruka, wazo limekwisha. Fox walipoletewa mara ya kwanza waliliona hilo, wakakataa. Vituo vingine vikasema hii ni filamu, si tamthilia. Kuna wakati ilifikiriwa iwe tamthilia fupi ya episodi 14. Baadaye tamthilia za Lost na 24 zilipowashika watu, Fox wakabadili mawazo, wakaagiza episodi 13. Watu wapatao milioni 10 Marekani walikaa kutazama ile ya kwanza, na muda si mrefu Fox wakaongeza tisa.

Jumlisha misimu yote mitano mpaka ule wa 2017 utapata episodi 90. Ukimaliza kumnyoa huyo mzee mwambie namba hizo mbili, 14 na 90, uone atakavyotabasamu.

Ila tusikimbilie pesa mapema. Wengi wakishasema "walirefusha kwa ajili ya hela" wanadhani wamemaliza, na hawajasema lolote kuhusu kwa nini msimu wa kwanza uliwafanya wateja wako wasiondoke. Kama hujui kilichokuwa kinafanya kazi, huwezi kujua kilichokatika.

Rudisha episodi mbili za kwanza uziangalie kama fundi. Michael ana tatuu kiwiliwili kizima, na kwenye mkono imeandikwa Allen Schweitzer, kisha namba 11121147. Mtazamaji anadhani ni jina la mtu. Wapi. Michael anaenda uwanjani, anaifungua bolti kwenye benchi wanalokalia watu wa mfungwa mmoja katili, T-Bag, kidogo kidogo, huku akijifanya amekaa tu. T-Bag akajua, bolti ikawa ugomvi, nusura imgharimu maisha. Akaipata. Akirudi chumbani anaisugua kwenye sakafu ya saruji. Anasugua, anaiweka juu ya ngozi yake kulinganisha na mchoro, bado, anasugua tena, mpaka kichwa cha ile bolti kinakuwa na pembe sita zinazoingia sawasawa kwenye skrubu za kile choo cha chuma kilichofungwa ukutani. Nyuma ya choo kuna ukuta wa kutoboa. Nyuma ya ukuta kuna njia.

Umeona kilichotendeka hapo? Bolti moja imekula karibu episodi nzima. Hakuna bunduki wala mlipuko. Lakini wewe kinyozi, unayejua kifaa kikiwa na ubutu kidogo kazi nzima inaharibika, unaielewa bila kuelezwa. Mtazamaji alihesabu kila hatua pamoja na Michael. Alijua kitu kipo wapi, kimepatikanaje, kimegharimu nini, na kikipotea nini kinakwama. Pembeni kulikuwa na saa inayogonga: kaka yake, Lincoln, ana tarehe ya kukaa kwenye kiti cha umeme. Na katikati kulikuwa na mwanamke, Sara, daktari wa gereza, ambaye Michael anamwendea kila siku akijifanya mgonjwa wa kisukari, na ambaye mwisho wa yote ndiye aliyetakiwa kuuacha mlango wa zahanati bila kufungwa. Alipouacha wazi, ilimgharimu kazi, jina, na nusura uhai.

Hesabu hiyo ndiyo iliyowakalisha wateja wako, yaani kila kitu kina bei na bei inalipwa mbele ya macho yako. Wengi wanaodhani ni mbio na mabavu wanakosea.

Na ufa wa kwanza haumo kwenye msimu wa tatu. Angalia episodi ya 13 ya msimu wa kwanza. Wamechimba, wamefika chini ya zahanati, bomba ambalo Michael alilitia dawa liozeshwe na kutu linawangoja. Wanafika, bomba limebadilishwa. Jipya, linang'aa. Wote wanarudi vyumbani, na Wamarekani wakasubiri kuanzia mwisho wa Novemba 2005 mpaka Machi 2006 kujua kinachofuata. Sisi huku hatukusubiri. Mimi niliiangalia kwa diski za kununua barabarani, episodi nyingi zimebanwa kwenye diski moja, maandishi ya Kichina chini, unachomoa hii unaingiza ile. Lile bomba jipya lilinikera usiku ule ule, na sikujua kwa nini. Leo najua. Kila kikwazo kabla ya hapo kilitoka kwa mtu: uchoyo wa Abruzzi, mfungwa bosi wa mafia, ubaya wa T-Bag, ujinga wa askari jela Bellick, moyo wa Sara. Bomba lilibadilishwa na mafundi waliokuwa kazini tu. Kwa mara ya kwanza kizuizi kilitoka nje ya hadithi, kwa kuwa bado kulikuwa na episodi tisa za kujaza. Zikajazwa vizuri, sikatai. Lakini mlango ulishafunguka.

Hapo ndipo ninapoachana na mzee wako. Kasema ingeishia walipotoka. Angekuwa sahihi kama msimu wa pili ungekuwa mbovu, na si mbovu hata kidogo. Waliona kwamba ukuta umekwisha, wakatafuta ukuta mwingine, wakaupata ndani ya mtu. Alexander Mahone, mpelelezi wa FBI aliyeigizwa na William Fichtner, ndiye kitu bora kabisa kilichoingia kwenye tamthilia hii baada ya kutoroka. Ana akili ile ile ya Michael. Anaitazama picha ya tatuu, anakuta maneno ambayo kila mtu anayasoma vibaya, anayakata upya, yanakuwa jina la marehemu kwenye kaburi ambako Michael alificha nguo za kubadilisha. Anameza vidonge anavyovificha ndani ya kalamu. Bustanini kwake kafukia mtu. Ukimtazama unamuona Michael atakavyokuwa endapo atashinda kila kitu. Mpango ule ule, tatuu ile ile, sasa inasomwa na adui. Huo si urefushaji, ni ufundi.

Lakini hata humo kuna gharama iliyoanza kulimbikizwa. Ili hadithi iendelee nje ya jela ilibidi lile kundi la siri, Kampuni, likue. Msimu wa kwanza Kampuni ilikuwa kivuli nyuma ya kesi ya Lincoln, na kivuli kinatisha. Kadiri walivyoendelea kulimulika ndivyo lilivyozidi kufanana na ofisi yoyote yenye watu wenye suti.

Msimu wa tatu nautetea, na najua hapo kibandani kwako nitapigwa na taulo. Fikiria wazo lenyewe. Michael ni mtu wa mipango. Sasa mtupe gereza la Sona, Panama, ambako askari wako nje tu na ndani wafungwa wamejitawala, bwana mkubwa anaitwa Lechero, na mtu akitaka kupigana nawe anakupa mguu wa kuku. Ukishapewa mguu wa kuku umekwisha, mtapigana mpaka mmoja afe. Michael ameingia humo bila ramani, bila tatuu inayosaidia, bila bolti. Bellick, yule askari jela mnyanyasaji, sasa yeye ndiye anayedeki vyoo akiwa na nguo ya ndani tu. Mahone anatetemeka kwa kukosa vidonge. Kila mtu amegeuzwa. Kwa mwandishi hiyo ni zawadi.

Kilichousumbua msimu huo ni boksi. Sarah Wayne Callies, aliyeigiza Sara, hawakuelewana na watayarishaji kuhusu mkataba. Yeye hayupo, basi wakamuua kwa namna ya kikatili kuliko zote: Lincoln anafungua boksi anakuta kichwa. Mashabiki waliwaka. Wengi walisema wameacha kuitazama siku hiyo hiyo. Mimi siku ile sikukasirika kama wao. Nilisema, sawa, mmechukua kitu kikubwa, hebu tuone mnakilipaje.

Hawakukilipa. Msimu wa nne ulipoanza Septemba 2008, mkataba ulishapatikana, na Sara yu hai. Kichwa? Kilikuwa cha mtu mwingine. Maneno machache ya kuelezea, biashara imekwisha. Hapo ndipo ilipoharibikia, kama unataka nikuoneshe mahali kwa kidole. Wala si kifo chake kilichoiharibu. Ni kufufuka kwake.

Sisi tuliokulia vibanda umiza tunao msemo wetu, steringi hafi. Tulikuwa tunajua, na tulikuwa tunaifurahia filamu hivyo hivyo. Mbona hapa inatuuma? Kwa sababu steringi kutokufa hakumzuii kuumia, kupoteza rafiki, kubaki na kovu. Bei inalipwa na waliomzunguka. Ukishatuambia kwamba hata hao wa pembeni wanarudi, na hata kichwa kilichokatwa si lazima kiwe cha mwenyewe, hakuna tena tunachokihofia. Kuanzia hapo ukinionyesha bunduki imewekwa kisogoni mwa mtu nachukua simu naangalia meseji.

Kwenye msimu huo wa nne nitakuonyesha vitu vitatu, nawe ukiwa na muda urudie kuvitazama.

Mwanzoni kabisa wanaifuta tatuu. Michael anafutwa ngozi yote, imekwisha. Kwa upande wa kazi naelewa: kumpaka Wentworth Miller mchoro mzima kulichukua saa nyingi kila ilipobidi aonekane kifua wazi. Lakini ile ndiyo ilikuwa hadithi. Ni kama mchawi wa hadithi za bibi anyang'anywe tunguri halafu tuambiwe tuendelee kumwogopa.

Kisha angalia kifaa cha kijana anayeitwa Roland. Genge zima sasa linatumwa na afisa wa serikali kutafuta kitu kiitwacho Scylla, siri za Kampuni zilizogawanywa kwenye kadi sita. Wanazipataje kadi? Roland ana kidude cha ukubwa wa simu. Ukisimama karibu na mwenye kadi kwa muda, kidude kinanyonya kila kilichomo. Basi. Iweke kando ya ile bolti. Kule mtu alisugua chuma kwenye saruji mpaka kikafanana na mchoro wa mkononi mwake. Huku mtu anasimama karibu na mtu. Kadi ya kwanza wanasimama karibu, ya pili wanasimama karibu kwa mbinu nyingine, ya tatu tena. Wateja wako walichoka siku mbili, nadhani wana uvumilivu.

Cha mwisho kinanikera mpaka leo. Wanamleta mama wa Michael na Lincoln, Christina, tuliyeambiwa tangu mwanzo kwamba alifariki. Yuko hai, tena ni mtu wa Kampuni. Halafu, kama hiyo haitoshi, anafichua kwamba Lincoln hakuzaliwa humo, alichukuliwa kulelewa. Yaani hawa si ndugu wa damu. Nilizima runinga. Si kwamba jambo haliwezekani, yanatokea kila siku. Nilizima kwa sababu habari nzima, tangu mtu anaingia benki na bunduki ili afungwe, ilisimama juu ya neno moja: kaka. Walidhani kulitikisa neno hilo kutatushtua. Kwa kweli kwetu mtoto aliyelelewa nyumbani ni ndugu, hakuna kesi hapo, kwa hiyo hata mshtuko wenyewe haukufika. Ulibaki uchokozi tu.

Na bado, katikati ya hayo, kuna episodi ya tisa. Wanatakiwa kuvuka bomba kuu la maji lililo chini ya ardhi kabla maji hayajafunguliwa. Wanapitisha bomba dogo ndani yake ili wapite, halishiki, mtu anatakiwa aingie alinyanyue upande wa pili. Bellick anaingia. Bellick! Mtu tuliyemchukia episodi 22 mfululizo, aliyepiga watu, aliyechukua rushwa, aliyeishi na mama yake. Analiinua, linakaa mahali pake, njia ya kutokea imezibwa, na maji yanakuja. Wenzake wanampigia kelele atoke, anajua hatoki. Hakuna kidude hapo. Kuna chuma kizito, maji, saa, na mtu anayelipa. Kwa dakika kadhaa tamthilia ilikumbuka ilikuwa nini. Na Bellick hawakumfufua. Ndiyo maana anayebisha kwamba "watunzi waliishiwa" nampa jibu hili: hawakuishiwa ufundi, waliuweka kabatini.

Sasa ndiyo tuje kwenye pesa. Vituo vikubwa vya Marekani vya wakati ule viliishi kwa matangazo, na kalenda yao ilikuwa Septemba mpaka Mei. Wanataka episodi 22 kwa mwaka, kwa kuwa kila wiki yenye tamthilia inayopendwa ni wiki yenye matangazo ya bei. Juu ya hapo, kampuni inayotengeneza mara nyingi inatumia zaidi ya inacholipwa na kituo, na pengo inalitegemea lizibwe baadaye, episodi zikishakaribia 100, zinapouzwa kwa vituo vidogo kurudiwa kila siku. Tamthilia ya episodi 14 hata iwe dhahabu haina soko hilo. Kwa hiyo hakuna mtu mbaya aliyekaa chini akasema tuiharibu. Kalenda ilikuwepo kabla ya hadithi, hadithi ikakatwa kwa kipimo cha kalenda. La Casa de Papel ya Hispania ilipitia njia hiyo hiyo: ilianza mwaka 2017 kama habari ya wizi mmoja wenye mwisho wake, Netflix wakaisambaza duniani, ikavuma, wezi wakaitwa tena kuiba kwingine, ikaendelea mpaka Desemba 2021.

Nikuungamie kitu. Na mimi nimefanya hivyo. Kuna kituo kimoja kiliniagiza tamthilia ya episodi 26. Episodi ya 24 nikamzika mjomba, mzizi wa fitina yote, mazishi yakapendeza, kina mama walipiga simu wakilia. Wiki ile ile nikaambiwa wadhamini wamefurahi, ongeza 26 nyingine. Nilikaa siku tatu. Mjomba akapata pacha. Pacha aliyekuwa Msumbiji! Nililipwa, nikapaua nyumba, na dada yangu wa kuzaliwa, aliyekuwa hakosi hata moja, akaniambia akinimiminia chai: "Ile yako siku hizi naiacha inajiongelesha tu." Kwa hiyo ninapowasema watu wa Fox, ninawasema nikiwajua.

Lakini usije ukawaambia wateja kwamba urefu ndio sumu siku zote. Tamthilia ya Game of Thrones ilikufa kwa ugonjwa wa kinyume. Kule kituo cha HBO, kilichoionyesha, hawategemei matangazo, na walikuwa tayari kulipia episodi zaidi. Watunzi wenyewe, David Benioff na D. B. Weiss, ndio waliotaka kumaliza kwa msimu wa saba wenye episodi 7 na wa nane wenye 6. Mwaka 2019 zaidi ya watu milioni moja wakaweka majina yao kwenye ombi la kutaka msimu wa nane utengenezwe upya. Walikuwa wanalilia nini? Si kwamba malkia Daenerys aliuchoma mji. Walilia kwamba hawakuonyeshwa njia ya kufika hapo. Kule Westeros, nchi ya hadithi hiyo, zamani safari ya farasi ilikula nusu ya msimu na mtu akifika amebadilika. Mwishoni watu walivuka bara kama wanavuka barabara. Ni bolti ile ile, kijana wangu. Huku iliondolewa ikawekwa kidude, kule waliruka kusugua.

Msimu wa tano wa Prison Break sina mengi nao. 2017, episodi 9, Michael ambaye tulishaonyeshwa kaburi lake yuko hai, yuko jela Yemen, na matukio ya Yemen yamepigwa picha Morocco. Scheuring alirudi, wahusika wakarudi, na kwa urefu ulikuwa na adabu. Nilifurahi kuwaona kama unavyofurahi kuwaona watu wa shule ya msingi kwenye harusi. Baada ya saa moja umeshauliza yote uliyotaka kuuliza.

Sasa swali lako la mwisho, la kumwachia mteja mgeni wapi. Ukimwachia mwisho wa msimu wa kwanza hutamdhulumu: wako shambani, ving'ora nyuma, ndege waliyoitegemea inapaa bila wao, na Michael anawaambia wakimbie. Mtu akiondoka kibandani na picha hiyo, ana hadithi kamili. Akikuomba wa pili mpe, kwa ajili ya Mahone. Wa tatu mpe kama ni mtu asiyeharakia nyumbani, lakini mwambie mapema kuhusu boksi ili asikuvunjie kioo.

Wa nne usimwekee wote. Weka ya tisa peke yake, umweleze kwa maneno mawili Bellick amefikaje kuwa upande wao. Na Bellick akishaingia kwenye lile bomba, zima mashine ya kunyolea, hata kama mteja kichwa kiko nusu.